Miche Iliyokufa Ilikuwa Yako

Chelangat mwanangu,

Umeenda kumuaga kogo yako, na kwa ninavyomjua nyanya huyo hatakuachilia mapema. Lazima akunyweshe maziwa ya mursik mpaka uombe msamaha. Kwa hivyo nina nafasi. Nimeketi mlangoni pa jikoni, mwanga bado upo, na nimeamua kuandika kwa sababu mdomo wangu unajulikana. Nikianza kusema nitapandisha sauti, wewe utasema, "Mama, tafadhali," na kesho tutaagana tukiwa tumenuniana. Kwenye karatasi angalau sauti haiwaamshi majirani.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala blanketi, wala jinsi ya kuficha kufuli ya sanduku. Hayo babako atayarudia kutoka hapa mpaka getini kwa shule. Nataka kukuandikia juu ya hasira yangu. Umeiona tangu mwaka jana, na nadhani unafikiri ilianza siku ile ya maonyesho. Hapana. Hasira hiyo imekuzidi umri.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri, Chela. Somo la kilimo ndilo nililolipenda kuliko yote. Tulilisomea katika darasa ambalo dirisha lake lilitazama shamba la chai, na katika miaka yote ile sikumbuki mwalimu hata mmoja akitutoa nje tukaliguse. Nje tulitolewa tukikosa. Ukichelewa, fyeka nyasi. Ukisikika ukiongea Kipsigis, chota maji. Ukifeli hesabu, ng'oa kisiki. Ukipita uwanjani ukamwona mtoto ameshika jembe, hukuuliza anajifunza nini, uliuliza amefanya kosa gani. Hebu fikiria. Shule iliyojengwa katikati ya wakulima, kwa michango ya wakulima, inawafundisha watoto wa wakulima, asubuhi na jioni, kwamba jembe ni la mkosaji! Na hilo ndilo somo tuliloshika. Mengine tumeyasahau karibu yote. Lile halikutoka. Waangalie wenzangu niliosoma nao, jinsi wanavyomwambia mtoto, "Usiposoma utaishia kuchuma majani," huku wao wenyewe wamebeba kikapu mgongoni, na karo ya mtoto huyo imo ndani ya kikapu hicho.

Nikaolewa hapa. Babako alikuwa akiendesha lori la ng'ombe, leo Chebunyo, kesho Siongiroi, keshokutwa hajulikani. Kogo naye alikuwa ameenda kumuuguza dada yake, kwa hivyo shamba likabaki mikononi mwangu. Nikaona chai imepanda juu, imefika wakati wa kupogolewa. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Habari za kupogoa nilikuwa nimeziandika katika mtihani nikasifiwa mbele ya darasa. Nilijua sababu za kupogoa, nilijua zana, nilijua mpaka pembe ya kukata. Nikanoa panga, nikakata sehemu yote ya juu ya njia, katikati ya kiangazi, jua likiwaka kama limetumwa. Yale matawi niliyokata nikayafunga mizigo mizigo nikayabeba nyumbani yawe kuni.

Sasa sikiliza. Katika mtihani ule ule nilikuwa nimeandika kwamba matawi yaliyokatwa yaachwe juu ya mashina ili yayakinge na jua. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Haikunijia hata mara moja kwamba matawi yaliyotajwa kule ndiyo haya niliyokuwa nikiwashia moto. Elimu ile ilikuwa kichwani mwangu kama mgeni wa sebuleni: anakaribishwa, anasifiwa, lakini hajui jikoni ni upande gani.

Kogo aliporudi, maganda ya mashina yalikuwa yamepasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Alipita kati ya mistari akiyashika moja moja. Kisha akaniuliza, "Matawi yako wapi?"

"Nimepikia, Mama."

"Kwani huko shuleni mlikata nini?"

"Hatukukata kitu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mashina mengi yalikufa, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipita pale nikigeuza uso. Aibu ilipokwisha, hasira ndiyo iliyobaki. Nilijiuliza: wale walionipa sifa kwa kuandika jambo nisilolijua, walikuwa wakinisifia nini?

Kwa hivyo utaelewa jinsi nilivyofurahi walipotuita wazazi shuleni wakatuambia kwamba mambo yamebadilika, kwamba nyinyi sasa mtajifunza kwa kutenda, kwa mikono, nje ya darasa. Nilipiga makofi peke yangu mpaka mama aliyekaa mbele akageuka kunitazama. Nilidhani tumepona.

Halafu ukaanza kuleta kazi za nyumbani. Mtoto aunde ufagio. Mtoto atengeneze kitisha-ndege. Mtoto afume mkeka. Vizuri kabisa! Lakini haikupita muhula kile kibanda cha fotokopi pale senta kikaanza kuviuza. Vimepangwa dirishani, vimekamilika, mzazi anaandika jina la mtoto na kuondoka. Nilimwona baba mmoja akibishana na mwenye kibanda kwamba kitisha-ndege cha mtoto wake hakijanyooka. Kitisha-ndege! Na kule shuleni vile vilivyonunuliwa vilitundikwa ukutani, na vilivyotengenezwa na watoto, vilivyopinda na kulegea kama mikono ya watoto inavyotengeneza, vikawekwa kwenye kona nyuma ya mlango. Tulipewa njia ya kuwafundisha watoto kutumia mikono, tukaifanya njia nyingine ya kuwafundisha kudanganya. Na sisi wazazi hatukusukumwa na mtu. Tulikimbia wenyewe.

Ndiyo maana ulipokuja na ile kazi ya kuotesha miche, nilikuambia sitakusaidia hata kushika chepe. Ulinikasirikia. Ukaenda kumwomba kogo vikonyo vya chai kutoka kwenye mashina aliyoyaacha yarefuke kando ya boma. Alikupa, akakuonyesha jinsi ya kukata, jani moja na kipande kifupi cha kijiti, akarudi kwa ng'ombe wake.

Nilikuchungulia, ujue. Nikiwa nachuma nilikuwa nakutazama kutoka juu. Ulijaza vifuko udongo mweusi wa zizini, wenye samadi, kwa sababu darasani mlifundishwa kwamba mimea hupenda samadi. Ulimi uliniwasha. Nikaufunga. Vikonyo vikaoza, vikawa vyeusi chini, ukivivuta vinatoka kama jino la mzee. Ulilia nyuma ya choo ukidhani hatukusikii.

Ukaenda kumuuliza kogo. Ukarudi na chepe, ukachimba chini kabisa, ukatoa ule udongo mwekundu usio na kitu, ukapanda upya, ukafunika kwa nailoni. Lakini hukuwa na subira. Kila ukitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, unafunua kuangalia. Unafunua, unafunika, unafunua. Ile safu nayo ikanyauka yote. Mara hii hukulia. Ulikaa chini ukaitazama muda mrefu, kisha ukasema peke yako, "Ni mimi." Nilikuwa juu yako, ng'ambo ya njia, na nilikusikia. Chela, sijawahi kupata furaha kama ile siku uliposema "ni mimi."

Safu ya tatu uliifunika ukazizika kingo za nailoni udongoni, ukakaa nayo mbali. Na ilipofika wakati wa kufunua, kila kikonyo kilikuwa na chipukizi jipya, dogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Uliniita kwa sauti hata mbwa akabweka.

Basi ikaja siku ya maonyesho. Nitakuambia niliyoyaona, kwa sababu tangu siku ile hatujayazungumza vizuri.

Ulikuwa umepanga meza yako kwa safu tatu. Mbele ya kila safu karatasi, kwa mwandiko wako. Hizi zilioza kwa sababu niliweka samadi. Hizi zilikauka kwa sababu nilifunua mapema. Hizi zimeshika mizizi. Nilizisoma zote tatu, nikarudi nikazisoma tena. Karibu yako ilikuwa meza ya Faith, binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na miche yake ilikuwa mirefu, inang'aa, imenyooka kama askari, bado ina utepe wa kitalu cha barabarani ilikonunuliwa. Sikumlaumu mtoto. Alikuwa ameiangalia kama mtu anayeangalia mizigo ya mwenzake.

Kabla wageni hawajafika, mwalimu wako alipita akikagua. Akafika kwako. Akaziangalia zile safu mbili zilizokufa, akazichukua akaziweka chini ya meza, kisha akazisukuma ndani zaidi kwa kiatu. Kwa kiatu, Chela! Ukabaki na miche michache, mifupi, na karatasi mbili zisizo na kitu nyuma yake.

Afisa wa elimu akaja na simu yake. Akapiga picha kwa Faith, akapiga picha kwa mwenye mkeka wa dukani, akafika kwako akasema, "Hii bado midogo," akapita. Hakuuliza swali lolote, kwako wala kwa mtu mwingine. Watoto shule nzima wamesimama nyuma ya kazi zao wakingoja kuulizwa, na hakuna aliyeuliza hata, "Ulifanyaje?"

Walipoanza hotuba za kusifu watoto wanaojifunza kwa mikono yao, nikainuka.

"Naomba kuuliza," nikasema. "Kati ya vitu hivi vyote, ni vipi vilivyotengenezwa na watoto?"

Mwalimu mkuu akatabasamu. "Mama Chelangat, maswali yatakuja baadaye."

"Baadaye afisa atakuwa ameenda."

"Mama, hii si baraza."

"Kama si baraza, basi niambieni ni nini, kwa sababu shule nayo siioni."

Nikaenda kwenye meza yako, nikapiga magoti na lile rinda langu la kanisani, nikatoa vifuko vyako vilivyokufa nikavipanga juu mbele ya watu wote. Nikamwambia mwalimu wako, "Hii ndiyo kazi. Umeificha kwa nini?"

Naye, nimtendee haki, alinijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mama, mimi natakiwa kutuma picha. Picha ya miche iliyokufa nitaitumaje?"

"Itume ilivyokufa!"

Wengine walicheka. Wengine walipiga makofi. Nilirudi kwenye kiti changu nikijiona shujaa. Sikukutazama wewe hata mara moja.

Tulitembea kuelekea nyumbani mpaka pale daraja la miti. Ndipo ukasimama, macho mekundu, ukaniuliza, "Mama, ile miche ilikuwa yangu ama yako?"

"Yako, bila shaka. Si nilikuwa nakutetea?"

"Mimi nilikuwa nimeshajua nitamwambia mwalimu nini. Nilikuwa nangoja watu watoke."

Ukanipita.

Nimelifikiria neno lako hilo kuliko mahubiri yote niliyosikia maishani. Nilijinyima kushika chepe lako kwa miezi, kisha siku ya mwisho nikakunyang'anya kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, ile ya kusimama mbele ya mtu aliyekuonea na kutafuta maneno yako mwenyewe. Wenzangu walitumia pesa, mimi nilitumia mdomo. Wote tulikuwa tumewafanyia watoto wetu kazi ya nyumbani.

Jumatatu ulienda peke yako. Sikujua mpaka uliponieleza ukiosha vyombo, kama jambo la kawaida. Ulimwambia, "Mwalimu, sikuja kuomba alama. Nimekuja kukuambia kwamba uliposukuma vifuko vyangu kwa mguu, niliumia." Na yeye akasema hakuwa na nia mbaya, akasema ana watoto wengi na muda mchache, na alama haziwezi kubadilishwa kwa sababu zimeshatumwa. Hazikubadilishwa. Ziko hivyo mpaka leo, chini, chini ya za miche ya barabarani. Jambo hilo linanichoma na litaendelea kunichoma, na usiniambie nisamehe kwa haraka. Lakini wewe ulilala usingizi usiku ule. Mimi ndiye niliyegeuka-geuka kitandani.

Na muhula ulipofungwa, ukaja nyumbani na gunia. Walikuwa wameitupa miche yote ya maonyesho nyuma ya jiko la shule, kwa vile picha zilikuwa zimeshapigwa. Ulikuwa umeiokota. Ya Faith pia ilikuwemo, na Faith mwenyewe alikuwa nyuma yako ameshika jembe la kwao, jipya, bado lina karatasi ya dukani.

Nikasema, "Hiyo ya kununua rudisha. Sitaki kuiona shambani kwangu."

"Mama, mche umekosa nini?"

Nikawapisha. Mlichimba mashimo kule chini karibu na mto mpaka mvua ikawatoa. Nilisikia Faith akikuuliza kwa nini shimo liwe refu hivyo, nawe ukamwambia, "Chimba moja fupi, moja refu, halafu ukuje uone." Hukumweleza. Ungeweza kumweleza, na hukumweleza. Nilirudi ndani nikapika, kwa sababu nilikuwa karibu kulia na sikutaka mnione.

Sasa unaenda ng'ambo ya Mulot, nchi ya ngano na mahindi, mahali ambapo hakuna anayejua kikonyo cha chai ni nini. Umechagua kusomea mambo ya ujenzi na useremala, na umesikia waliyosema. Binamu zako wamecheka. Jirani ameniuliza kwa huruma kama alama zako zilikuwa mbaya kiasi hicho, kana kwamba mtu hawezi kuchagua mbao mpaka akataliwe na vitabu. Mtu huyo analala chini ya paa, anakula mezani, anafunga mlango wake usiku, na haoni aibu kuuliza hivyo. Niliuma ulimi. Unaona najifunza.

Huko mikono yako itakuwa mijinga upya. Msumari utapinda. Pembe hazitakutana. Watakuwapo watakaoficha kazi yako mbovu wageni wakija, na siku moja, ukishachoka, utatamani kuificha wewe mwenyewe. Hapo ndipo ninapokuogopea. Sikuogopei kushindwa, nimekuona ukishindwa na unajua kushindwa vizuri kuliko mimi. Nakuogopea siku utakayojua njia ya mkato ilipo na kila mtu aliye karibu nawe akakuambia ipite, mbona wote tunaipita.

Kuna jambo moja limebaki. Jana, watu wa kanisa walipokuja kukuombea safari, baba yako mdogo ndiye aliyepewa maombi ya mwisho. Anakupenda, sina shaka. Akakuwekea mkono kichwani akasema, "Mungu, mtoe mtoto huyu katika matope haya. Mikono yake isiguse udongo tena." Na nyumba nzima ikasema Amina. Hata kogo yako, ambaye matope hayo yamemlisha tangu alipokuwa msichana, alisema Amina.

Uliinua jicho moja ukanitazama. Basi uliona sawasawa: mimi sikusema. Nilikaza midomo mpaka ikaniuma. Nimewahi kukosa mambo mengi, lakini sikuweza kumwomba Mungu aone haya kwa niaba yangu.

Sasa nitakuombea yangu, hapa mlangoni, kuku wakiingia. Mungu akupe kazi itakayokushinda mara ya kwanza. Akupe mtu wa kukuuliza ulifanyaje, na muda wa kumjibu. Viganja vyako viwe vigumu na moyo wako usiwe mgumu. Ukijenga ukuta ukaanguka, uanguke ukiwa wewe ndiye uliyeujenga, na uujenge tena.

Nakusikia unakuja, unacheka na mbwa kule njiani. Nitaikunja barua hii niiweke chini ya nguo zako, uisome ukifika. Maombi nimeyaacha wazi mwishoni. Ukiyaona yanakufaa, Amina useme mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea.

Ni mimi,
Mama yako